Maswali ya Walezi: Dawa kwenye Uji

SWALI: Mjukuu wangu ana miaka miwili na nusu, kilo 10.6. Kliniki ya CTC (ya tiba na matunzo ya VVU) wamempandisha kutoka kidonge kimoja na nusu hadi viwili vya DTG (dolutegraviri, dawa ya kufubaza VVU), na vile vingine (abakaviri na lamivudini katika kidonge kimoja) vivyo hivyo. Navitia kwenye uji wa uwele, ila huacha nusu bakuli, na mara nyingine hutapika. Nirudie dozi? Bibi, Kongwa

JIBU: Shikamoo bibi. Dozi ni sahihi. DTG ya watoto, miligramu 10 ya kuyeyuka, hufuata uzito: kilo 6 hadi 9.9 ni kimoja na nusu, 10 hadi 13.9 ni viwili, mara moja kwa siku. Ndiyo maana mtoto apimwe uzito kila anapohudhuria.

Tatizo ni bakuli. Uji ukibaki, dawa imebaki. Virusi visivyodhibitiwa huzoea dawa na kuwa sugu. Yeyusha vidonge vyote vinne kwenye vijiko vinne vya chai vya maji safi, koroga, anywe ndani ya dakika 30. Suuza kikombe kwa maji kidogo, anywe na hayo. Uji ufuate.

Akitapika ndani ya dakika 30, rudia dozi nzima. Baada ya hapo, usirudie.

Je, anapewa madini ya chuma? Mara nyingi hupewa watoto wenye upungufu wa damu, na hupunguza DTG mwilini: DTG itangulie kwa muda wa saa mbili kabla ya madini hayo. Akianzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, wakumbushe CTC: wakati huo DTG hutolewa mara mbili kwa siku.