Mfadhili hachagui mshindi

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu akifadhili tuzo ya chuo ya utafiti wa uchumi na menejimenti ndiye anayechagua mshindi. Hapana, hamchagui yeye. Hiyo ni kazi ya jopo la wasomi. Hata Nobel ya uchumi iko hivyo: hela ilitoka Benki Kuu ya Sweden mwaka 1968, lakini anayeamua ni Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya huko huko.

Cha kuuliza ni hela inakaa wapi. Tuseme mfadhili katoa milioni 50. Zikiwekwa kwenye hatifungani ya serikali (yaani unaikopesha serikali) kwa riba ya asilimia 10, kila mwaka unapata milioni 5 za mshindi na mtaji haujaguswa. Zikikaa akaunti ya kawaida, tuzo inakufa kimya kimya. (Moja niliiona ikiishia cheti na picha ya pamoja.)

Wewe peleka kwenye tuzo huo utafiti wako kuhusu mama lishe wa Kariakoo. Ila nadharia punguza. Weka mbele yale madaftari ya madeni uliyoyahesabu: nani kala wali maharage Jumatatu, nani kalipa Ijumaa, nani kahama kijiwe.