Aliungua akizima moto, tukaambiwa tuseme ni jiko

SWALI: Kamwene, mzee. Mimi ni kibarua kwenye shamba la misindano huku Mufindi. Mwezi uliopita tulitolewa kwenye kupogolea saa nane mchana, tukapakiwa kwenye lori watu kumi na mmoja kwenda kuzima moto. Tulikuwa na matawi mabichi na mapanga matatu. Upepo ukageuka, moto ukapanda mlima kutufuata, na mwenzangu akaungua mikono na shingo. Msimamizi akatuagiza tuseme hospitali kwamba jiko la mafuta ya taa lilimlipukia. Tukasema hivyo. Sasa mwenzangu yuko nyumbani bila malipo, anaambiwa kibarua hana mkataba. Tufanyeje?
Kibarua, Mafinga

JIBU: Kamwene, mwanangu. Mfikishie mwenzio pole zangu.

Kesho rudini hospitali ile ile. Mwambieni daktari ukweli, kwamba aliungua kazini akizima moto, na mwombe aandike hivyo. Msiogope kwamba mlisema uongo, mlitishwa. Hilo jiko likibaki kwenye karatasi, kila ofisi mtakayokwenda italisoma kabla ya kuwasikiliza.

Kisha nendeni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, na kulipwa kwa siku hakumwondoi mtu kwenye sheria. Michango ya mfuko huo hutolewa na mwajiri, haikatwi kwenye ujira wenu. Aliyeumia akashindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake, na matibabu yake hugharamiwa. Ajali itolewe taarifa ndani ya miezi 12. Suala la kupelekwa motoni bila vifaa ni la OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ofisi yao iko Mbeya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri mzigo huo.

Leo usiku, kabla kumbukumbu hazijachakaa, andika majina ya wote kumi na mmoja, tarehe, saa, mlivaa nini, na nani alitoa amri.

Najua atakachosema msimamizi: upepo uligeuka. Nimezima moto wa misitu miaka ishirini na mbili, tisa ya mwisho nikiongoza kikosi, na sikubali. Kiangazi huku kwetu upepo wa mchana hugeuka, na moto hukimbia kupanda mlima kuliko kushuka. Anayetuma watu lazima awe amelipima hilo kabla. Juni 30, 2013, huko Arizona, Marekani, wazima moto 19 wenye mafunzo waliteketea baada ya upepo wa dhoruba kuugeuza moto. Wakaguzi wa usalama kazini hawakuishia kulaumu upepo. Waliitoza idara ya misitu ya jimbo faini ya dola 559,000, wakisema ilitanguliza nyumba na malisho mbele ya uhai wa wazima moto.

Wazima moto wa misitu wana mambo manne wanayohakikisha kabla ya kuingia: mtu wa kuuangalia moto kutoka mahali pa juu, mawasiliano naye, njia ya kutokea, na mahali salama pa kukimbilia, kwa mfano palipokwisha kuungua kabisa. Nyinyi mlikuwa na lipi? Mwaka wangu wa pili kazini sikuwa na hata moja. Nilivaa sweta la nailoni, likayeyuka begani likashikana na ngozi, kovu ninalo. Tangu siku hiyo kijana wangu yeyote aliyekuja na nailoni au ndala nilimrudisha kambini, hata kama bosi alikuwa anapiga kelele kwenye redio. Pamba nzito na buti za ngozi, basi. Mabuti ya mpira nayo huyeyuka.

Mkirudi hospitali, mwombeni dereva wa lori aandamane nanyi. Yeye aliwaona mnapanda mkiwa na matawi, na aliwaona mnashuka.