Uliza Fundi: "Nimepakia faili la stage 2, sasa gari inagonga"

Toleo hili maswali yote ni ya turbo na kompyuta ya gari, mliomba wenyewe. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana ndani yake kuna barua kibao zingine mlizoleta, msiogope urefu.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Subaru ya turbo lita 2.0, manyuo. Nimefunga eya klina ya wazi na bomba lake pana, nikatoa masega (kile kisafisha moshi cha eksozi) nikaweka daunipaipu nene (bomba la eksozi linalotoka kwenye turbo), na ile valvu ya turbo nimeiachia itemee hewa nje (napenda ule mlio jamani). Mshikaji akanitumia faili la stage 2 (programu ya kuongeza nguvu kwa gari lililobadilishwa vifaa kama hivyo) nikaflashi mwenyewe, yaani nikaliandika kwenye kompyuta ya gari. Sasa nikibadili gia inashtuka na kutoa moshi mweusi, nikikanyaga mpaka chini nasikia mlio wa changarawe ndani ya kopo, na mara nyingine inakata moto kabisa alafu inarudi. Taa ya injini nayo imewaka. Je nitafute faili lingine? — Mzee wa manyuo

JIBU: Mzee wa manyuo, kwanza acha kukanyaga mpaka chini kuanzia leo. Huo mlio wa changarawe ndio kugonga kwenyewe, yaani mchanganyiko unajilipukia pembeni ya silinda kabla moto wa plagi haujafika huko, na pistoni za hizi injini hazina uvumilivu huo, zile kuta nyembamba kati ya ringi na ringi zinavunjika. Ndugu yake ya lita 2.5 ndio inasifika zaidi kwa ugonjwa huo ila na hii yako haina kinga.

Faili lingine halitakusaidia, maana una shida kama nne zimejifunga pamoja.

Tuanze na bomba la eya klina, hili watu wanalidharau sana. Sensa ya MAF, ile ya kupima hewa ya injini, haipimi hewa yote inayoingia, inaonja kidogo tu inayopita kwenye waya wake alafu kompyuta inatumia jedwali lililopimwa kwa bomba la upana fulani kujua jumla. Ukibadilisha upana jedwali limekuwa la uongo. Chukua mfano bomba limetoka milimita 66 kwenda 76, unaona ni milimita 10 tu si kitu, kumbe eneo la ndani limeongezeka karibu theluthi moja, kwaiyo hewa inapita taratibu zaidi kwenye sensa na kompyuta inaamini imeingia hewa pungufu kwa kama robo. Inapima mafuta kwa hiyo hewa pungufu, mchanganyiko unakuwa mkavu. Sema bado haijaisha, ubaya wa pili umejificha hapo hapo: taimingi (muda wa plagi kurusha cheche) nayo inachaguliwa kwa kuangalia mzigo wa injini, na mzigo unahesabiwa kutoka kwenye hiyo hiyo MAF, kwaiyo kompyuta inadhani injini iko kwenye mzigo mdogo inasogeza taimingi mbele zaidi. Mafuta kidogo na taimingi ya mbele kwa wakati mmoja, busti (presha ya turbo) imejaa. Hapo lazima igonge.

Ukiwa unaenda taratibu huoni kitu kwa sababu sensa ya oksijeni inasahihisha kimya kimya, ukiangalia kwenye mashine ya kusomea kompyuta utakuta masahihisho ya mafuta yamepanda asilimia 15, 20 na kuendelea. Ukikanyaga mpaka mwisho kompyuta nyingi za rika hilo zinaacha kuisikiliza, zinafuata jedwali tu, na jedwali ndio hilo la uongo.

Moshi mweusi wakati wa kubadili gia ni ile valvu. Hewa imeshapita MAF imeshahesabiwa na mafuta yake yameshapangwa, wewe unaitupa nje, injini inabaki na mafuta ya hewa ambayo haipo. Irudishe hewa ndani ya bomba kama kiwanda kilivyofanya, mlio utapungua, utazoea.

Kukata moto ghafla ni busti imezidi. Daunipaipu nene inapunguza msukumo nyuma ya turbo, turbo inachangamka mapema, na kama lile faili linaendesha solenoidi ya weistigeti (valvu ya umeme inayodhibiti busti) kwa namba za gari lingine busti inaruka juu ya kikomo na kompyuta inakata mafuta ili kukuokoa. Kuna watu wanaomba kikomo kifutwe. Usikubali hata kwa bure, na akikwambia yeye kwake amefuta na anadunda, mwache adunde.

Taa itakuwa kodi P0420 ya masega, nakisia hivyo maana umeyatoa, ila isome usifuate kisio langu, inaweza kuwa na mwenzake P0171 ambayo ni mchanganyiko mkavu na hiyo ni habari nyingine kabisa. Na masega sehemu nyingi kuyatoa kwa gari la barabarani ni kosa kisheria, zipo daunipaipu zenye masega mapana yanayopitisha vizuri tu.

Sasa fanya hivi. Rudisha boksi la eya klina la kiwanda (la kwako linatosha sana kwa nguvu unazotafuta, niamini), rudisha valvu, rudisha faili la kiwanda kama ulilihifadhi. Pima kompresheni, pima uvujaji wa mabomba ya busti kwa moshi. Plagi mpya, pengo la milimita 0.7 hivi, maana busti ikipanda pengo kubwa linazima cheche. Alafu ndio urekodi logi: mizunguko, busti, lambda (kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta, chini ya 1 mafuta yamezidi), taimingi, masahihisho ya kugonga, joto la hewa inayoingia. Gia ya tatu au ya nne, kutoka mizunguko 2,500 mpaka 6,500, kwenye daino (mashine ya kupima nguvu gari likiwa mahali pamoja) sio kwenye barabara ya watu. Lambda isomwe kwa sensa pana iliyofungwa kwenye eksozi, ile nyembamba ya kawaida inajua tu kama uko juu au chini ya 1. Kwa busti kamili na petroli nataka nione kama 0.78 mpaka 0.82, hiyo ni kama 11.5 mpaka 12 ya hewa kwa moja ya petroli. Kompyuta ikirudisha taimingi digrii moja hapa na pale sio msiba, ikirudisha tatu nne kila ukifika sehemu ile ile achia pedeli. Na kwenye Subaru kuna namba mashine inaiandika IAM au DAM, inatakiwa ikae 1 (zile za zamani zaidi zinaandika 16), ikishuka ujue kompyuta imeacha kuamini petroli yako au faili lako.

Logi ikiwa safi ndio umpe mtunishaji, aandike faili la gari lako. La mshikaji liliandikwa kwa gari la mshikaji.

SWALI: Kuna kiboksi cha kuchomeka kwenye waya za sensa na kuna kuflashi kompyuta yenyewe, kipi bora? Nimeona pia kuna kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya mashine, bei poa sana. — Mchoyo wa petroli

JIBU: Kidude cha soketi kina taa zinamemeta na hakuna zaidi, basi tu. Kiboksi cha sensa kinafanya kazi kweli ila kinafanya kwa kudanganya: busti ni 1.2 kinaiambia kompyuta ni 1.0, kompyuta inaongeza. Kwa ongezeko dogo kwenye gari zima kinavumilika, na unaweza kukichomoa ukiuza gari. Shida ni kwamba ulinzi wote wa kompyuta unategemea hizo namba na sasa zimechezewa, alafu vingi havigusi taimingi kabisa. Mimi nachagua kuflashi, kwa mtu anayerekodi logi kabla na baada.

SWALI: Fundi, mimi ni dada, naomba usinijibu kwa mkato kama mafundi wengine. Nina Golf GTI ya lita 2.0 yenye giaboksi ya DSG (otomatiki ya klachi mbili) ya gia sita. Nimeambiwa stage 1 ni programu tu, hakuna kufungua kitu. Giaboksi itahimili? — Dada wa GTI

JIBU: Dada yangu swali lako ni zuri kuliko la wanaume wengi wanaoniuliza "nitapata farasi ngapi", maana giaboksi haiuawi na farasi, inauawa na toki, yaani nguvu ya kuzungusha inayopimwa kwa Nm. DSG yako ya gia sita yenye klachi zinazoogelea kwenye oili inaitwa DQ250, kiwanda kinaitaja kwa Nm 350. GTI ya farasi 200 ilitoka na Nm 280, na faili la stage 1 linaweza kukufikisha kwenye hiyo 350 au kupita. Wengi wanaipitisha na inaishi, lakini mwambie mtunishaji wazi kwamba toki ipande taratibu na isijazwe yote kwenye mizunguko 2,000, hapo ndipo klachi zinateleza na hapo ndipo hizi injini za kurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda zinapata ule mlipuko wa mapema wa mizunguko ya chini, ambao unaweza kupasua pistoni kwa pigo moja. Kwaiyo usikanyage mpaka chini ukiwa gia ya sita mizunguko 1,500, shusha gia kwanza. Oili ya injini tafuta yenye alama API SP kama inaendana na idhini ya kiwanda ya gari lako, imepimwa kwa tatizo hilo hilo. Na oili ya giaboksi na filta yake ni kila kilomita 60,000, kama hujui ilibadilishwa lini ibadilishe kabla ya faili.

Angekuwa mwenzio mwenye ile ya gia saba ya klachi kavu, DQ200, ningemwambia abaki kama alivyo. Ile ni Nm 250 tu.

SWALI: Faili langu ni la petroli ya RON 98 (namba ya petroli kuhimili kugonga). Nikiweka 95 siku moja moja sensa ya kugonga si italinda? — Bila jina

JIBU: Sensa inasikia ikishagonga, haizuii kugonga kwa kwanza. Ukilazimika kuweka 95 endesha kizee mpaka iishe, au muombe mtunishaji akuwekee mafaili mawili ubadilishe.

SWALI: Nikipanda sehemu za mwinuko gari inakuwa nzito na turbo inapiga filimbi zaidi. Imekufa? — Mpanda milima

JIBU: Haijafa. Kwenye mita 2,000 hewa imebaki karibu asilimia 80 ya ile ya usawa wa bahari, na kama kompyuta inalenga presha ya jumla ya bar 2 (ya hewa ya nje pamoja na ya turbo) basi turbo iliyokuwa inazidisha mara 2 sasa inatakiwa izidishe mara 2.5. Inazunguka kwa kasi zaidi, inachemsha hewa zaidi, hiyo ndio filimbi. Faili lililobana turbo mpaka mwisho pwani huko juu halina akiba, mwambie mtunishaji apunguze lengo la busti presha ya nje ikishuka. Ila kama filimbi ipo hata ukiwa chini tafuta bomba linalovuja.

SWALI: Nilikuwa naflashi, laptopu ikajizima katikati. Gari haiwaki, mashine haiioni kompyuta. — Msomaji mwenye presha

JIBU: Usijaribu tena kwa soketi mara kumi kumi. Ile kompyuta ina programu nusu, mtu mwenye vifaa ataifungua aisome mezani moja kwa moja kwenye chipu, aandike upya faili la kiwanda, nyingi zinafufuka hivyo bila kununua nyingine. Siku nyingine funga chaja ya kushikilia betri isishuke chini ya volti 12.5 muda wote wa kuandika, laptopu iwe kwenye umeme, na usome faili la kiwanda ulihifadhi sehemu mbili kabla hujaandika chochote. Hilo faili unalo? Kama unalo mpe huyo fundi, litampunguzia nusu ya kazi.