Foliki asidi ianze kabla ya mimba, si siku ya kliniki ya kwanza

Wanawake wengi hapa Moshi na Arusha huanza kumeza foliki asidi siku wanapofungua kadi ya kliniki. Kwa damu ya mama bado inafaa. Kwa mgongo wa mtoto, huwa muda umeshapita.

Tuhesabu kwa tarehe. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 ameanza hedhi tarehe 1 Machi. Mimba inatungwa karibu tarehe 15. Kufikia tarehe 2 Aprili, siku ya 18 tangu mimba itungwe, kiinitete hakijafika milimita 2 na bado ni bapa. Tabaka lake la juu limenenepa katikati na kuwa bamba la neva. Kingo za bamba huinuka na katikati hubonyea, kama jani la mgomba unapolikunja ili kando zake zikutane. Siku ya 22 kingo huanza kushikana kwenye usawa wa shingo ya baadaye, kisha mshono unaendelea kuelekea juu na chini, na bamba linakuwa mrija wenye tundu kila mwisho. Tundu la upande wa kichwa hufunga karibu siku ya 25, na la chini karibu siku ya 28, yaani tarehe 12 Aprili. Hedhi ilitarajiwa tarehe 29 Machi. Imechelewa wiki mbili tu, wengine hata mkojo hawajapima, na mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo umeshafunga au umeshindwa kufunga.

Tundu la juu likibaki wazi, ubongo na fuvu havikui, na mtoto hufia tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. La chini likibaki wazi ndiyo mgongo wazi: neva za miguu, kibofu na haja kubwa huathirika, na mara nyingi maji hujaa kichwani. Mkosi wa ukoo haumo humo, na mama asitupiwe lawama.

Seli za kingo zile zinagawanyika kwa kasi, na kila seli mpya inahitaji folati, vitamini ambayo foliki asidi ni umbo lake la kidonge, kutengeneza DNA yake. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991, kwa wanawake waliowahi kupata mimba yenye tatizo hili, ulionyesha kwamba miligramu 4 kwa siku zilipunguza kujirudia kwake kwa takriban asilimia 72.

Kwa mwanamke asiye na hatari ya ziada, dozi ni miligramu 0.4 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba hadi wiki ya 12. Soma lebo dukani, kwa sababu kidonge cha foliki asidi kinachopatikana kirahisi mara nyingi ni cha miligramu 5. Hicho ni cha aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, mwenye kisukari, au anayetumia dawa za kifafa, tena kwa maelekezo ya daktari. Dozi hiyo isiendelee hadi wakati wa SP ya kuzuia malaria, inayoanza wiki ya 13, kwani huipunguzia SP nguvu.

Dawa ya kifafa iitwayo valproeti inaongeza hatari ya mgongo wazi waziwazi. Usiiache ghafla, degedege nalo ni hatari kwako na kwa mtoto. Muone daktari kabla ya kushika mimba, akubadilishie mapema. Mwenye kisukari naye ashushe sukari kwanza, ndipo atafute mimba.

Chakula kinasaidia, ila peke yake hakitoshi. Maharage, kunde, dengu, mchicha na mnafu vina folati nyingi. Shida iko jikoni: mnafu unachemshwa muda mrefu, kisha maji yanamwagwa kuondoa uchungu, na folati inaondoka nayo. Osha majani kabla ya kukata, tia maji kidogo, funika, ipua baada ya dakika chache. Uchungu upunguze kwa maziwa au kwa kuchanganya na mchicha. Unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauongezwi virutubishi, na mahindi yenye ukungu yatupwe: sumu ya fumonisini imehusishwa na kasoro hizi.

Mrija ukishafunga, ubongo unaendelea kujengwa hadi baada ya kuzaliwa. Mbege, hata kikombe kimoja cha sherehe, mjamzito asiguse. Pombe inamfikia mtoto moja kwa moja. Chumvi iwe yenye madini joto, ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko, itiwe chakula kikikaribia kuiva.

Omba ultrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22, hapo mgongo unaonekana vizuri. Mgongo wazi ukigundulika, panga kujifungulia kwenye hospitali kubwa. Kwa ukanda huu KCMC ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda. Mtoto akizaliwa nao bila kutarajiwa, alazwe kifudifudi au kwa ubavu. Kidonda kifunikwe kwa gozi safi iliyolowanishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, isiachwe kukauka. Kisipakwe mafuta, dawa ya kienyeji wala unga wa aina yoyote. Anyonyeshwe kama kawaida na apewe rufaa siku hiyohiyo, kwa kuwa upasuaji wa kufunga unatakiwa ndani ya saa 72 kabla wadudu hawajaingia kwenye uti wa mgongo. Baada ya hapo mzunguko wa kichwa upimwe kila kliniki na kuandikwa kwenye kadi. Ukikua haraka kuliko mstari wa kadi, arudishwe mapema.