Kabla ya kutupa ndoana, tazama kinachoruka

Wanaoanza kuvua hapa Korogwe huniuliza chambo kipi ni kizuri. Nami huwauliza: leo umeona nini kinaruka? Samaki wa Mto Pangani hufuata kile kinachoanguka majini siku hiyo.

Nililijua hilo kwa kukosa. Ilikuwa Novemba, vuli ndiyo kwanza imeanza. Nilikaa ukingoni tangu alfajiri na kopo la minyoo, chubwi zito la kuzamisha chambo, mshipi umelala chini kabisa. Mbele yangu maji yalikuwa yakifanya viduara, kimoja baada ya kingine, hadi chini ya mkuyu. Mzee mmoja hatua chache kutoka kwangu alikwishapata perege saba. Akaniambia, "Mjukuu wangu, samaki wako juu wanakula kumbikumbi, wewe unawatafuta chini. Toa hilo chubwi."

Kumbikumbi hutoka ardhini mvua ikikatika na upepo ukitulia, mara nyingi jioni, kisha hukimbilia taa. Wakusanye hapo, kwenye kopo kavu lenye majani mabichi na mfuniko uliotobolewa. Usiwatie kwenye beseni la maji kama wale wa kukaanga; wakifa hulegea na hawakai ndoanani. Ndoana iwe ndogo, maana mdomo wa perege ni mdogo. Ichomeke kifuani mwa kumbikumbi, mbawa zikidondoka si neno. Mshipi mwembamba, bila chubwi, uachie mkondo uuchukue. Chambo kikizama ghafla, tulia kidogo ndipo uvute.

Najua jioni ile ile samaki wanakula sana. Lakini mto huu una mamba, na giza likiingia humwoni. Mimi hukusanya usiku, navua kukishapambazuka, tena juu ya ukingo mrefu, miguu mikavu. Hili silibadilishi kwa samaki yeyote.

Kiangazi, Januari na Februari, kumbikumbi hakuna. Chambo ni panzi wa kwenye nyasi za ukingoni. Maji yakipata moto hewa hupungua ndani yake, perege hujibana kivulini na kwenye vina. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, pumzika.

Mvua ikipiga milima ya Usambara, Mto Lwengera unaoingia Pangani huleta maji mekundu kama chai ya maziwa na perege haoni kitu. Hapo ndipo minyoo na chubwi vinapofaa, kwa kambare anayetafuta kwa sharubu. Ila ukiwakuta kambare wamepanda kwenye nyasi zilizofurika, wanataga. Waache.

Na perege jike hulea mayai na vifaranga mdomoni. Ukimtoa ndoana ukaona vitu vidogo kama punje za mtama vinamwagika kiganjani, usingoje. Mrudishe taratibu, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, halafu suuza kiganja chako mtoni pale pale alipo.