Je, pango la Amboni linafika Kilimanjaro?

SWALI: Ndugu Mhariri, tangu utotoni tunasimuliwa habari za mbwa aliyepotelea katika mapango ya Amboni, Tanga, akaja kuibukia Kilimanjaro. Wengine husema mapango hayo yanatokea Mombasa. Je, ni kweli? Na yalichimbwa na nani?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Ndugu msomaji, aliyeyachimba ni maji, na kwa sababu hiyohiyo mbwa huyo asingeweza kufika Kilimanjaro.

Miamba ya Amboni ni ya chokaa, yaani mashapo yaliyotuama chini ya bahari takriban miaka milioni 150 iliyopita, yakashindiliwa hadi yakawa jiwe. Maji matupu huliyeyusha jiwe hilo kwa shida. Mvua, hata hivyo, hubeba hewa ya ukaa kutoka angani, na ipenyapo udongoni, ambako mizizi na vijidudu huitoa kwa wingi, huongezewa nyingine nyingi na kugeuka asidi dhaifu. Asidi hiyo huingia katika nyufa za mwamba na kuondoka na chokaa iliyoyeyuka. Ufa uliotangulia kupanuka hupitisha maji mengi zaidi, hivyo huzidi kupanuka kuliko mingine. Ndiyo maana hatukuti mwamba uliotobolewa kila mahali, bali njia chache kubwa. Mito ya jirani inapozidi kuchimba mabonde yake, maji ya ardhini nayo hushuka, na njia za juu hubaki kavu.

Nguzo zinazoning'inia darini ni kazi ya maji yaleyale: tone likifika penye uwazi hupoteza hewa ya ukaa, na chokaa huganda. Kwa kawaida hukua kwa sehemu tu ya milimita kwa mwaka, kwa hiyo anayevunja kipande cha kumbukumbu anastahili kukemewa.

Sasa turudi kwa mbwa. Pango la namna hii hukoma pale chokaa inapokoma. Kilimanjaro ni volkano, na kabla ya kuufikia kuna milima ya Usambara na Upare, yenye miamba ya kale isiyoyeyuka kwa namna hii. Hoja ya Mombasa ina nguvu kidogo, kwani pwani ya Kenya nayo ina chokaa. Lakini maji hufuata mteremko kuelekea mtoni na baharini, na hayana sababu ya kusafiri zaidi ya kilomita 100 sambamba na ufuo ilhali bahari iko karibu.