Jibu: Volkano ya Nyiragongo ikilipuka tena, nani atambeba mzee wa jirani?

Jambo ndugu. Unauliza mfanye nini hapo Majengo, mtaa wa Goma, Kongo, ili asiachwe mtu, maana usiku wa 22 Mei 2021, volkano ilipolipuka, kila nyumba ilikimbia kivyake na mama mjane asiyetembea akabaki peke yake.

Anzeni na daftari. Piteni nyumba kumi kumi, muandike nani hawezi kutembea, nani ana mimba kubwa, mtoto gani hubaki peke yake wazazi wakiwa sokoni. Kila jina lipewe watu wawili wa kumfuata. Mmoja hatoshi: siku hiyo anaweza kuwa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, na mipango mingi hufia hapo hapo.

Mama huyo mjane abebwe kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, inapenya hata magari yakisongamana. Mtandike godoro, mumfunge kiunoni kwa kitenge, wawili wasukume, mmoja ashike usukani. Jaribuni mchana kabla ya siku yenyewe, tafadhali.

Watoto waandikwe mkononi namba mbili za simu, moja ya jamaa aliye nje ya Goma.

Mkilala njiani, msilale mabondeni. Mazuku ni gesi nzito kuliko hewa, hutuama kwenye mashimo na humpata mtoto kwanza kwa kuwa yuko chini.

Maji ya ziwa ya kunywa: chujeni kwa kitambaa, bidoni (dumu) ya lita 20 iwekwe matone 40 ya javeli (dawa ya klorini ya kufulia) ya asilimia 5 isiyo na manukato, subirini dakika 30.

Daftari likae kwa jirani ambaye hashindi mbali na nyumbani.